Mkufu wa lulu wa mnadani, nitajuaje kama ni orijino?

SWALI: Shikamoo Anti. Juzi kati nilienda kwenye mnada wa vitu vya familia moja nikaona mkufu wa lulu, nikaupenda, nikapandisha dau mpaka wenzangu wakaniachia. Kwenye karatasi ya mnada wameandika tu "mkufu wa lulu, kifungio cha dhahabu, unauzwa kama ulivyo" basi. Lulu zenyewe ni ndogo huku pembeni halafu zinakua kadiri zinavyokuja katikati, kati ya moja na nyingine kuna fundo la uzi, na kifungio kina namba 585. Sasa kila mtu ana lake, mmoja ananiambia ing'ate, mwingine tumbukiza kwenye siki, wa tatu ananiambia choma kidogo na kiberiti. Siuzi Anti, nataka tu kujua nimenunua nini. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza kwa kuweka mbali hiyo siki na hicho kiberiti, tena leo hii. Lulu karibu yote ni kalsiamu kaboneti, na siki ni asidi, kwa hiyo lulu ya kweli ndiyo itakayoliwa na siki na kubaki imepauka, mng'ao umeondoka na haurudi. Kipimo kinachoharibu kile kile unachokitafuta sio kipimo, na inaniuma sana kila nikisikia mtu kashauriwa hivyo.

Halafu elewa kwamba hapo una maswali mawili na watu wanayachanganya. La kwanza, hizi ni lulu au ni shanga za kioo na plastiki zilizopakwa rangi ya lulu? La pili, kama ni lulu, ni za asili, yaani chaza alizitengeneza mwenyewe bila kuguswa, au ni za kufugwa, ambapo mtu alimfungua chaza akampandikizia kitu ndani kisha akamrudisha majini? Za kufugwa sio feki jamani! Mikimoto Kokichi kule Japani alifanikiwa kupata za nusu duara mwaka 1893, za duara kamili zikaja baadaye, na leo karibu lulu zote zinazouzwa madukani ni za kufugwa.

Swali la kwanza unaweza kulijibu mwenyewe hapo nyumbani. Weka mkufu juu ya kitambaa cheupe mchana, karibu na dirisha, uziangalie moja moja. Lulu za kweli hata zikichaguliwa kwa makini hazifanani kabisa, hii ina kishimo, ile imebonyea kidogo, nyingine ina kama uwaridi na ya jirani yake ina ukijani. Zikiwa zote sawasawa, laini, rangi moja tupu, mimi naanza kuwa na wasiwasi. Uzito nao unasema kidogo, za plastiki ni nyepesi mno, lakini za kioo ni nzito kwa hiyo usitegemee hilo peke yake.

Sasa huko kung'ata. Usiing'ate, isugue taratibu sana kwenye ncha ya meno ya mbele, meno yako mwenyewe maana ya bandia hayahisi. Lulu ya kweli inakwaruza kidogo kama mchanga laini, kwa sababu imejengwa kwa vipande vidogo sana vya madini ya aragonaiti vilivyopandana tabaka juu ya tabaka, na ile ya bandia kwa kawaida inateleza. Kama hutaki habari ya meno, sugua lulu mbili zenyewe kwa zenyewe polepole, utahisi kitu hicho hicho. Ila kuna za bandia zimetengenezwa na ukwaruzo wake, na kuna lulu za kweli zimepolishwa mpaka zinateleza, kwa hiyo usikimbilie kulia wala kushangilia hapo.

Mimi ninapoamini zaidi ni kwenye tundu. Tafuta lenzi ya kukuzia mara 10, ile ya masonara, uangalie pale uzi unapoingilia. Ya bandia hapo ndipo inapoumbuka, utaona rangi imebanduka au imejikusanya ukingoni, na chini yake kuna kioo kinang'aa au plastiki. Ya kweli ukingo wake ni msafi. Na ukibahatika kuona ndani zaidi, lulu nyingi za kufugwa baharini zina kokwa, kipira kilichochongwa kutoka gamba la kome wa maji baridi, na pale kokwa linapokutana na tabaka la lulu kuna mstari, mara nyingi mweusi mweusi hivi. Ukiuona mstari huo, una lulu halisi ya kufugwa. Usipouona, usiruke kusema ni ya asili! Lulu nyingi zinazofugwa kwenye kome wa mito na maziwa hazina kokwa kabisa, wanapandikiza kipande cha nyama ya kome mwingine tu. Tundu jembamba sana nalo ni dalili nzuri, maana lulu za asili zinauzwa kwa uzito na waliotoboa hawakutaka kupoteza hata chembe, lakini ni dalili tu.

Kwa hiyo la asili au kufugwa haliishii mezani kwako, linaishia maabara ya vito kwa picha za eksirei. Hata fundi mzoefu kwa macho tu hawezi kukuhakikishia. Na tofauti yake sio ndogo. Mwaka 1917 Cartier, kampuni ya vito ya Ufaransa, walipata jumba lao la New York kwa kubadilishana na mkufu wa lulu za asili wa nyuzi mbili uliothaminiwa dola milioni 1, na mkufu huo huo ulipouzwa mnadani mwaka 1957, baada ya lulu za kufugwa kujaa sokoni, haukufika hata dola 200,000.

Turudi kwenye wako. Mafundo ni dalili nzuri lakini hata za bandia za bei juu hufungwa mafundo. Kupanda ukubwa kuelekea katikati ilikuwa mtindo wa za asili na za kufugwa zote mbili. Namba 585 inasema kifungio ni dhahabu ya karati 14, ila kifungio kinabadilishwa kwa dakika chache, hakisemi kitu kuhusu lulu. Na ile karatasi, kwenye biashara ya vito neno lulu likisimama peke yake linatakiwa kumaanisha ya asili, ya kufugwa lazima iandikwe hivyo. Sidhani waliouza vitu vya familia walikuwa makini kiasi hicho, ila usiitupe hiyo karatasi wala risiti, na soma masharti ya mnada leo leo, maana kama kuna muda wa kurudisha mali isiyolingana na maelezo unaweza kuwa mfupi.

Fanya ya lenzi kwanza. Ukikuta rangi imebanduka usipoteze hela ya maabara. Ukikuta ukingo msafi, mpelekee sonara anayejua lulu aukague, na ukiwa unaenda kwake mwambie akuangalizie na uzi, maana ukiwa wa zamani umelegea unaweza kukatika ukiwa umeuvaa.