“Jamani, nani ataenda?”

Ujumbe unaingia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo: “Jamani, bibi kalazwa, anahitaji mtu wa kulala naye leo. Nani ataenda?” Alama za bluu zinajaa. Mmoja anaandika “Poleni sana”, wengine wanafuatisha emoji za mikono. Hadi saa mbili usiku, bibi hana mtu.

Si roho mbaya. Watu wanategeana: kila mmoja anaona wenzake wamesoma, anajua shangazi atakuwa ameshalimaliza. Mwaka 1968, wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané wa Marekani walilipima jambo hili. Mwanafunzi aliwekwa chumbani peke yake akiongea na wenzake kwa maikrofoni na spika za masikioni, mara akamsikia mmoja akishikwa na kifafa (sauti ilikuwa imerekodiwa). Kati ya walioamini wanasikia peke yao, 85% walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Walioamini kuna msikilizaji mwingine mmoja, 62%. Walioamini wako wengine wanne, 31%.

Kwa hiyo usiulize “nani”. Taja mtu, kazi na saa, tena inbox: “Mama Neema, unaweza kulala na bibi leo kuanzia saa 12 jioni? Naomba unijibu kabla ya saa 9.” Akisema hawezi, bado una muda wa kumwomba mwingine. Kazi ya chakula mpe mtu mwingine kabisa. Kazi moja ukiwapa watu wawili, umerudi kulekule kwenye kutegeana. Kwenye grupu peleka taarifa tu kwamba mambo yamepangwa.

Barabarani ni vilevile, ila majina huyajui. Nyoosha kidole: “Kaka mwenye shati jekundu, piga 112. Dada wa mtandio, simamisha magari.” Mwangalie mpaka simu iwe sikioni.

Tusiwaonee watu, lakini. Watafiti waliochunguza kamera za mitaani za Amsterdam, Lancaster na Cape Town walikuta kwamba katika ugomvi 9 kati ya 10, angalau mpita njia mmoja aliingilia. Ugomvi unaonekana. Kinachowakwamisha watu zaidi ni jambo lisiloeleweka. Mzee ameanguka kituoni: kalewa au anaumwa? Kila mtu anatazama nyuso za wenzake, anaona wametulia, naye anatulia. Ukijua, sema kwa sauti: “Hajalewa huyu, ana kisukari!”

Walimu wanaijua hali hii bila kuipa jina. “Mmeelewa?” “Tumeelewaaa!” Kumbe nusu ya darasa wamepotea, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Swali hilo liache. Dakika tano kabla ya kengele, gawa vipande vya karatasi, kila mwanafunzi aandike kitu kimoja kilichomtatiza, bila jina, kisha vikusanye mwenyewe. Ukimtuma kiranja avikusanye, wataandika “nimeelewa”.