Maswali Yenu: Max Horton, Kamanda wa Nyambizi Aliyepandisha Bendera ya Maharamia

SWALI: Mambo vipi mhariri. Niliona picha ya nyambizi ya Uingereza inaingia bandarini imepandisha bendera nyeusi ya fuvu na mifupa, nikajua ni picha ya kutengeneza, jamaa yangu akabisha akasema ni kweli kabisa na aliyeanzisha ni kamanda anaitwa Max Horton. Huyu mtu ni nani, na jeshi la serikali linatumiaje alama ya maharamia?

JIBU: Poa tu. Jamaa yako yuko sahihi. Horton alizaliwa 1883 kisiwani Anglesey huko Wales, akaingia jeshi la majini bado kijana mdogo, na akaenda upande wa nyambizi wakati zenyewe ndo kwanza zinaanza na wakubwa wengi hawazitaki hata kuzisikia. Admirali mmoja, Arthur Wilson, aliziona ni silaha ya uoga, ya kumvizia mtu kwa chini, na inasimuliwa alisema mabaharia wa nyambizi za adui wakikamatwa vitani wanyongwe kama maharamia. Hayo maneno yaliwakaa kichwani vijana wa nyambizi.

Sasa ikaja vita ya kwanza ya dunia. Horton yuko na nyambizi E9, chombo cha kama mita 55 hivi na watu kama 30 wamebanana humo ndani. Usiku walilala chini kabisa, sakafuni mwa bahari karibu na kisiwa cha Heligoland cha Wajerumani, asubuhi ya tarehe 13 Septemba 1914 wakapanda taratibu, akatoa periskopu, lile bomba la kuchungulia juu ya maji, akaiona Hela, manowari ya Kijerumani ya zamani kidogo. Akafyatua torpido mbili, yale mabomu yanayokwenda ndani ya maji, akapiga mbizi tena. Hela ikaenda chini, ingawa karibu mabaharia wake wote waliokolewa. Ilikuwa meli ya kwanza ya adui kuzamishwa na nyambizi ya Uingereza, na Horton aliporudi bandari ya Harwich ndo akapandisha ile bendera ya fuvu. Yaani anawajibu wakubwa, mlituita maharamia, haya sasa. Mwezi uliofuata akazamisha manowari nyingine ndogo ya Wajerumani, S116, basi mchezo ukanoga na wengine wakafuata. Hata 1982 nyambizi Conqueror ilirudi kituoni kwake Scotland na bendera hiyo baada ya kuizamisha manowari General Belgrano ya Argentina.

Baada ya hapo Horton alipelekwa bahari ya Baltiki kuwasaidia Warusi, akawasumbua Wajerumani kweli kweli, mpaka bahari yenyewe ikapewa jina la utani, bahari ya Horton. Mwaka 1915 aliipiga torpido manowari kubwa Prinz Adalbert ikaharibika ila haikuzama (ilikuja kumaliziwa na nyambizi nyingine ya Uingereza, E8, miezi michache baadaye). Kuna wanaomhesabia yeye, sio yake hiyo.

SWALI: Mhariri nisaidie hapa, nimesoma kwamba vita ya pili Horton alikuwa anapigana DHIDI ya nyambizi. Inawezekanaje, si huyu huyu alikuwa mtu wa nyambizi?

JIBU: Ndio huyo huyo, na kwa maoni yangu hapa ndo kazi yake kubwa ilipo, bendera ile ni mbwembwe tu.

Januari 1940 alipewa kuongoza nyambizi zote za Uingereza. Aprili akahisi Wajerumani wataivamia Norway, akazisogeza nyambizi zake njiani mapema, na kweli wakaja, nyambizi Truant ikaizamisha manowari ya Kijerumani Karlsruhe. Mwaka huo huo alitakiwa kuongoza kikosi kikuu cha manowari nyumbani, cheo ambacho maofisa wengine wangekililia, akakikataa kwa sababu aliona mwenye cheo hicho hana sauti ya kutosha juu ya ndege zinazofanya kazi baharini.

Novemba 1942 ndo akapelekwa Liverpool, jengo la Derby House, kulinda misafara ya meli za mizigo inayovuka Atlantiki. Hali ilikuwa mbaya, meli zinazama kila wiki na Uingereza ni kisiwa, chakula na mafuta vyote vinapita majini. Horton alijua kamanda wa nyambizi anaogopa nini maana yeye mwenyewe alishakaa kwenye kile kiti. Meli za kusindikiza zilikuwa zikiigundua nyambizi zinaikimbiza kidogo halafu zinalazimika kurudi kwenye msafara, na aliyeko chini anajua hilo, anatulia anasubiri waondoke. Kwa hiyo Horton akapigania vikosi vya ziada ambavyo havijafungwa na msafara wowote, kazi yao ni kukimbilia palipowaka moto na kuikalia nyambizi juu hata siku nzima mpaka hewa na betri vimwishie. Wazo la vikosi hivyo lilikuwepo kabla yake, ila yeye ndo alizibana ofisi za London mpaka meli zikapatikana.

Mei 1943 mambo yakageuka. Msafara ONS 5 ulipoteza meli 13 lakini Wajerumani nao wakapoteza nyambizi 6 hapo hapo, na mwezi mzima zikapotea 41, tarehe 24 Admirali Dönitz, mkuu wa jeshi la majini la Ujerumani, akaamua kuziondoa Atlantiki ya kaskazini. Tusimpe Horton sifa zote lakini, kulikuwa na rada mpya, ndege za kufika mbali, na watu waliokuwa wanasoma siri za redio za Wajerumani.

Kazini alikuwa mkali, wengi walimwogopa na sio wote walimpenda. Mchana anaenda kucheza gofu, watu wananung'unika bosi gani huyu, kumbe anajua nyambizi hushambulia usiku, usiku huo utamkuta na pajama mbele ya ile ramani kubwa ya ukutani anatoa amri. Pale pale kulikuwa na kitengo cha kufundishia mbinu, mchezo wa vita unachezwa sakafuni kwa chaki na wasichana wa jeshi la majini. Inasimuliwa Horton alicheza kama kamanda wa nyambizi akazamishwa mara tano mfululizo na binti mmoja, Janet Okell, akadhani wanamchezea rafu.

Mei 1945 alikwenda mwenyewe Lisahally, Ireland ya Kaskazini, kupokea nyambizi za Kijerumani zilizosalimu amri. Alifariki 1951, mazishi yakafanyika kanisa kuu la Liverpool.

SWALI: Siku hizi mtu anakuwaje kamanda wa nyambizi Uingereza? Na wanawake wanaruhusiwa?

JIBU: Kuna kozi moja ilianza 1917, wenyewe wanaiita Perisher, na haina kurudia. Unapewa nyambizi uiongoze huku manowari zinakujia juu kwa kasi na wewe unapiga hesabu kichwani lini uzame. Mwalimu akiona umeshindwa, safari yako imeisha hapo hapo, begi lako linafungwa, boti inakuchukua, unapewa chupa ya wiski na nyambizini hurudi tena kufanya kazi. Wanawake ndio, wa kwanza walifuzu 2014 kuwa mabaharia wa nyambizi.