Rubani wa Droni na Damu ya Raia

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Barazani kwetu tumebishana kuhusu droni za kivita. Baadhi wanasema rubani aliye maelfu ya kilomita mbali, anayeona picha tu na kutii amri, hana dhambi raia wakiuawa kwa kuwa hakukusudia. Dini yasemaje?

JAWABU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, kutokusudia hupunguza uzito wa kosa, hakufuti damu. Khalid bin Walid (r.a.) alipowaua watu wa kabila la Banu Jadhima waliotaka kusilimu wasijue kulieleza hilo vizuri, Mtume (s.a.w.) aliinua mikono akajitenga mbele ya Mola wake na kitendo kile. Wanazuoni wa sira wanasimulia kwamba alimtuma Ali (r.a.) akawalipe dia, yaani fidia ya damu. Naye Khalid ni sahaba, jemadari wa jeshi la Waislamu!

Surat An-Nisaa, aya ya 94, inawaamrisha wapiganaji wahakikishe kabla ya kumdhania mtu uadui. Amri hiyo ilishuka zama za upanga, adui akiwa usoni pako na roho yako hatarini. Rubani wa droni hana hatari hiyo. Anaweza kuelea juu ya mtaa saa nyingi, akangoja, akaghairi. Kwa hiyo mimi naona umbali unamzidishia dhima, kwani udhuru wa haraka na wa kujihami umemwondokea.

Tazama yaliyotokea Kabul tarehe 29 Agosti 2021. Droni ya Marekani ilifuatilia gari kwa saa kadhaa, madumu ya maji yakadhaniwa mabomu, kombora likarushwa. Walikufa raia 10, watoto 7 kati yao, na dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada. Jeshi lilitetea shambulio lile, kisha tarehe 17 Septemba likakiri kosa. Hakuna askari aliyeadhibiwa. Innalillahi!

Sheria ya kimataifa nayo iko wazi. Itifaki ya Kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inasema katika kifungu cha 50 kwamba pakiwa na shaka, mtu ahesabiwe raia. Fiqhi yetu, yaani sheria ya Kiislamu, nayo inashika asili ya mtu kutokuwa na hatia mpaka ithibiti vinginevyo.

Ama kutii amri: yuko amiri aliyewasha moto akawaamuru askari wake wauingie. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema lau wangeuingia wasingetoka humo, na kwamba utiifu ni katika jema. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Silaha yenyewe si haramu kwa kuwa ni droni. Hukumu yake ni kama ya silaha nyingine. Lakini Muislamu aliye katika kazi hiyo akiwa na shaka na anayemwona, haijuzu kurusha, hata akipoteza cheo. Na aliyekwisha kuua kwa kukosea, aya ya 92 ya Surat An-Nisaa inamhusu: warithi walipwe dia, isipokuwa wakisamehe, naye mwenyewe amwache huru mtumwa, au asipompata afunge miezi miwili mfululizo; na leo watumwa wa kuacha huru hawapo, basi imebaki saumu. Wallahu aalam.