Ukienda kupima mlango wa kizazi, nenda umejipanga

Hapa Wete, Pemba, wengi wetu tunaijua saratani ya mlango wa kizazi kwa kusikia fulani kasafirishwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla ya hapo haitajwi. Ndiyo maana ukimwambia shoga yako twende tukapime, anakujibu, "Mie siumwi." Basi mwenzangu, kipimo hiki ni cha asiyeumwa. Virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, kwa kawaida huchukua miaka 10, 15 au zaidi mpaka vilete saratani, na muda mwingi wa huo wewe huna unachohisi. Anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au aliyekwisha kukoma hedhi kisha akaona damu tena, huyo asingoje siku ya kupima. Aende kwa dakta leo.

Wanaosema wanawake wa Pemba hawaendi kwa sababu hawana elimu, mimi siwakubalii. Kinachotuzuia ni stara. Umelelewa ujifunike tangu mdogo, leo uambiwe upande kitandani ujifunue mbele ya usiyemjua! Dawa yake ni kuulizia mapema. Pita kliniki ya mama na mtoto, uliza nani anapima, siku gani, na kama ni mwanamke. Mara nyingi ni mkunga, na ukiomba mwanamke hakuna wa kukushangaa. Omba na namba ya simu, umpigie asubuhi kabla hujatoka. Mimi nilipewa siku kwenye kituo kimoja, nikafika naambiwa muhusika kenda semina. Nauli imekwenda, mtoto nimemwacha kwa jirani.

Vaa dera, ubebe na kanga. Dera unalipandisha tu, kanga inakufunika mapajani, huvui nguo zote. Usiende ukiwa kwenye hedhi, na siku mbili kabla usijisafishe kwa ndani wala kutia dawa yoyote, hata hizo za kubana tunazouziana kwenye shughuli.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Anaingiza kifaa cha kufungulia, kina ubaridi, na ukijikaza ndipo kinapouma. Vuta pumzi, ulegeze mapaja. Kisha anapaka siki kwa pamba na kusubiri kama dakika moja, huku anamulika taa. Harufu ilipopanda nilitaka kucheka, nikakumbuka achari ya nyumbani. (Siki hiyo imepimwa kwa kazi hiyo, usije ukajaribu ya jikoni.) Mahali penye mabadiliko panageuka peupe.

Weupe huo si lazima uwe saratani. Huweza kuwa dalili ya awali, na hutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, pengine siku hiyo hiyo. Baada yake utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na utaambiwa usikutane na mumeo kama wiki 4. Kwa hiyo zungumza naye kabla hujaenda. Ukimwambia baada ya kutibiwa, yatazaliwa maswali mengine.

Na hapo kwenye maswali niseme wazi: HPV huambukizwa kwa tendo la ndoa, lakini isigeuzwe kesi ya nyumbani. Wengi walioingia kwenye ndoa huipata wakati fulani, na mara nyingi mwili huiondoa wenyewe. Inaweza kukaa kimya miaka. Hakuna kipimo kinachosema nani kaileta wala lini. Anayeshika majibu yako akaanza kukuhesabia zina, mpeleke kwa mkunga akaelezwe.

Umri unaolengwa ni miaka 30 hadi 50. Anayeishi na VVU aanze 25 na apime mara kwa mara zaidi. Ukipimwa kwa siki ukawa salama, rudi baada ya miaka 3. Mabinti nao wana chanjo yao, iliyoanza kutolewa Tanzania nzima 2018, na sasa ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Ikifika skuli, mruhusu mwanao. Haifungi kizazi.

Mwisho, usiende peke yako. Mimi nilikwenda na wifi yangu, huyu yuko ndani, yule nje kashika mtoto. Mkifika watano sita wa mtaa mmoja, mwambieni mkunga mapema. Wengine hukubali kuwapangia siku yenu.