Krismasi imeandikwa wapi kwenye Biblia?

Kila Desemba, mvua zikishakolea na mahindi yakianza kuchomoza, swali lile lile hurudi huku kwetu Mbeya: Krismasi imeandikwa wapi? Utalisikia kwenye daladala ya Uyole, utalisikia Mwanjelwa kwenye meza za nguo za watoto, na zaidi utalisikia nyumbani, maana siku hizi ukoo mmoja una madhehebu yote. Kwetu Rungwe wazazi ni Wamoraviani, shangazi ni Msabato, na mdogo wangu wa kiume anasali kanisa ambalo haliitambui sikukuu hii kabisa. Kwa kuwa nafundisha shule ya Jumapili, kila mabishano yakiwaka mimi ndiye ninayeitwa. Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye naye ataitwa mwaka huu.

Jambo la kwanza: usikimbilie kujibu "imo" au "haimo" kabla hujajua kinachoulizwa ni kipi. Kuzaliwa kwa Yesu kumo, soma Mathayo 2 na Luka 2. Tarehe haimo. Hakuna mwinjili aliyetaja siku wala mwezi. Mnamo mwaka 200 hivi, Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa la kale, aliandika kwamba watu walikuwa wanakisia siku tofauti tofauti, mojawapo ikiwa ya mwezi Mei. Desemba 25 tunaikuta wazi kwenye kalenda ya Kirumi iliyokusanywa mwaka 354. Kwa nini siku hiyo? Wapo wanaosema ilichukuliwa kwenye sikukuu ya Jua, ambalo Kaisari Aureliano alilijengea hekalu Roma mwaka 274. Wengine wanasema Wakristo wa kale waliamini mimba ya Yesu ilitungwa Machi 25, ukihesabu miezi tisa unafika Desemba 25. Wasomi bado wanavutana. Waarmenia husherehekea Januari 6, Waethiopia Januari 7, na imani yao haijapungua kitu. Kwa hiyo mtu akikwambia tarehe haimo kwenye Biblia, mkubalie bila kununa. Amesema kweli.

Halafu kuna mambo tuliyoyazoea hadi tunadhani yameandikwa. Watoto wangu wa shule ya Jumapili hufanya igizo kila mwaka: mamajusi watatu wenye mataji ya maboksi yaliyobandikwa karatasi za kung'aa, wachungaji wamejifunga mashuka, na mtoto mmoja anayegombea kuwa ng'ombe. Kabla ya mazoezi huwa nawasomesha Mathayo 2 mstari kwa mstari. Wanashtuka. Hawaoni idadi ya mamajusi, wanaona zawadi tatu tu: dhahabu, uvumba na manemane. Hawaoni kwamba ni wafalme. Wanaona waliingia nyumbani, si zizini, na kwamba Herode aliua watoto wa miaka miwili na chini yake, maana yake huenda hata usiku wa wachungaji ulikuwa umeshapita zamani. Ng'ombe na punda Luka hakuwataja. Anataja hori tu. Wazee wa kanisa la kale waliwachukua kwenye Isaya 1:3. Igizo tunaendelea nalo, tena nalipenda sana, ila mtoto analicheza akijua kipi kimeandikwa na kipi kimeongezwa. Fanyeni hivyo na ninyi. Mtoto aliyefundishwa hivyo hayumbishwi na mtu wa kwanza atakayemwambia "mlidanganywa".

Mti wa Krismasi ndio unaoleta maneno makali. Mdogo wangu alinifungulia Yeremia 10: mtu anakata mti mwituni, fundi anauchonga kwa shoka, unapambwa kwa fedha na dhahabu, unakazwa kwa misumari usitikisike. "Dada, si huu hapa sebuleni?" Nilimwomba asome na mstari wa tano, unaosema vitu hivyo haviwezi kunena, na sharti vichukuliwe kwa sababu haviwezi kwenda. Hiyo ni sanamu ya kuabudiwa. Desturi ya kupamba mti wa Krismasi ilianzia kwa Wajerumani, karne ya 16, zaidi ya miaka elfu mbili baada ya Yeremia. Na ni Wajerumani, Wamoraviani na wamisionari wa Berlin, walioanza kazi ya injili huku Unyakyusa mwaka 1891. Wamoraviani walikuwa na desturi nyingine nzuri zaidi, ya kuwagawia watoto mishumaa kwenye ibada ya mkesha, iliyoanza Marienborn mwaka 1747. Hakuna lililoagizwa kati ya hayo, na hakuna lililokatazwa. Tawi la paina likikukwaza, liache. Lisipokukwaza, usiliinamie, basi.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote ni Yohana 10:22. Yesu yuko hekaluni wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku. Sikukuu hiyo haimo katika torati ya Musa. Wayahudi waliianzisha baada ya hekalu kutakaswa mwaka 164 kabla ya Kristo. Injili haisemi kwamba aliikemea. Kwa hiyo kuadhimisha tendo la Mungu kwa siku iliyochaguliwa na watu si dhambi. Ila siku hiyo haiwezi kugeuzwa amri. Warumi 14 inasema wazi: mmoja hutofautisha siku na siku, mwingine huona zote sawa, kila mtu na athibitike akilini mwake. Kulazimishana kulishajaribiwa. Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, wa Massachusetts kule Amerika walipiga Krismasi marufuku mwaka 1659, mwenye kusherehekea akatozwa faini ya shilingi tano, na sheria ikaja kufutwa mwaka 1681.

Kwa mdogo wangu tulimaliza hivi: hatumpigii simu kumuuliza "unakuja sikukuu?", wala watoto wake hawasimangwi kwamba hawana nguo mpya. Wanakuja Tukuyu siku nyingine ya likizo, mama anapika ndizi na maharage mabichi, tunaomba pamoja. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii, nakusihi usimwekee masharti kwenye sahani.

Sasa, sisi tunaosherehekea tusijisifu mapema. Yako maandiko mawili yanayosema jinsi watu wa Mungu wanavyofurahi. Nehemia 8:10 inaruhusu kula kilichonona na kunywa kilicho kitamu, kisha inaagiza kumpelekea sehemu yeye ambaye hakuwekewa kitu. Esta 9:22 inataja karamu, kupelekeana zawadi, na vipawa kwa maskini. Pilau na kuku wetu vina msingi hapo, lakini nusu ya pili ya mistari hiyo tunairuka. Tunakopa kwenye kikoba kununua nguo na soda, Januari inafika mbolea ya kukuzia haijanunuliwa na sare za shule zinadaiwa, huku bibi wa jirani anayelea wajukuu yatima hakuonja hata mchuzi.

Nyumbani kwetu tunapima mchele, mafuta na kipande cha nyama cha nyumba moja isiyo na kitu kabla ya kupima chetu, na deni haliruhusiwi. Muulize balozi wa nyumba kumi au shemasi, atakutajia nyumba yenyewe. Peleka tarehe 24 mchana, kikiwa kibichi, wapike wenyewe na wao wakaribishe wageni.