Kamera haikuziua
Ndugu, umeuliza kama picha ndogo za sura, zile za kuvaliwa shingoni kama kidani, zilikufa kamera ilipokuja, na kama wanaochora leo bado wanatumia pembe za ndovu.

Kamera iliwanyima wachoraji wengi riziki kuanzia miaka ya 1840, hilo kweli. Lakini miaka ya 1890 wachoraji wa London waliunda chama chao, na hadi leo kipo na kinafanya maonyesho.

Pembe sasa hapana. Tena si lazima kabisa: Nicholas Hilliard, aliyemchora Malkia Elizabeth wa Kwanza, alitumia ngozi laini ya ndama iliyobandikwa juu ya karata, hizi hizi za kuchezea. Pembe ilikuja baadaye, karibu 1700, na mchoraji Rosalba Carriera wa Venice. Ikapendwa kwa sababu kipande chake chembamba hupitisha mwanga, basi uso unaonekana una damu ndani. Wa leo wengi wanatumia plastiki inayofanana na pembe, wengine wamerudi kwenye ngozi.

Kazi yenyewe ndiyo ngumu. Rangi ya maji haizami kwenye plastiki, inakaa juu tu. Ukipitisha brashi mbichi mara ya pili, inang'oa yote uliyoweka kwanza. Ndiyo maana wanajenga shavu kwa vidoti, brashi karibu kavu, kioo cha kukuzia jichoni. Ukitaka kujaribu, usianze na plastiki, utakata tamaa mapema.