Hedifoni haitakuokoa kati ya Tengeru na Boma Ng'ombe

Ukimwambia dereva wa barabara ya Arusha–Moshi aache simu, anakuonyesha hedifoni sikioni: mikono yote miwili iko kwenye usukani, kosa liko wapi? Liko kichwani. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha uchunguzi wa madereva 699 waliopata ajali na waliokuwa na simu. Wakati wa maongezi, hatari ya kugongana ilikuwa mara 4 ya kawaida, na waliokuwa na simu zisizoshikwa mkononi hawakuonekana kuwa salama zaidi.

Sababu yake ni kwamba anayeongea hutazama barabara bila kuiona. Abiria aliye kiti cha mbele akiona lori linakuja hunyamaza mwenyewe. Aliye upande wa pili wa simu haoni lori, anaendelea kudai jibu. Simu za hela, ugonjwa na ugomvi wa nyumbani ndizo mbaya kuliko zote, maana hizo zinakuondoa kabisa garini.

Kwenye spidi 80, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Kutazama jina la anayepiga na kupokea huchukua kama sekunde 3, yaani mita 66. Njia nne za kutoka Sakina, Arusha, zikishaisha hapo Tengeru, unapishana na mabasi uso kwa uso, na kosa la mita moja tu linatosha. Hata kwenye spidi 50, sekunde hizo 3 ni mita 42. Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Tengeru, ndani ya mita 42 anaweza kuvuka mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, bodaboda ikatokea pembeni, na daladala ikasimama ghafla kushusha.

Kwa hiyo kazi ifanyike kabla ya kuwasha gari. Maliza simu zako, fungua ramani, waambie wanaokusubiri Moshi utafika saa ngapi. Washa hali ya Usinisumbue (Do Not Disturb) inayonyamazisha simu zinazoingia, halafu ingia kwenye mipangilio yake uzime ruhusa ya anayepiga mara ya pili. Watu wengi hawaijui: kwenye Android, anayerudia ndani ya dakika 15 anaweza kupenya, kwenye iPhone ni dakika 3. Na sisi kwetu mtu asipopokelewa hurudia papo hapo.

Simu iwekwe kwenye droo ya dashibodi au kwenye begi kiti cha nyuma. Usiiweke mapajani. Ukifunga breki kwenye tuta itateleza hadi miguuni, utainama kuitafuta, na ikiingia chini ya pedali, breki haitashuka yote.

Ikiwa simu haiwezi kungoja, subiri kituo cha mafuta. Washa indiketa mapema, toka barabarani kabisa, zima injini ndipo upige. Usisimame kwenye kona wala nusu ya gari ikiwa juu ya lami. Ukimaliza, tulia dakika moja kabla ya kurudi barabarani, hasa kama habari ilikuwa nzito.

Wewe unayepiga, swali la kwanza liwe "Unaendesha?" Akisema ndiyo, usianze hata kumsalimia. Mwambie "Nipigie ukifika," kisha kata wewe, kwa sababu yeye ataona aibu kukukatia.